Milinganyo Miwili kwa Mbinu ya Kuweka Badala

UTANGULIZI

Mwanafunzi, milinganyo ya mstari yenye herufi mbili si jambo geni kwako. Ulikutana nayo kidato cha kwanza. Ulifunzwa kuondoa herufi moja, ukachora grafu, na katika kidato cha tatu ukatumia matriksi. Sura hii inarudia mbinu moja tu, mbinu ya kuweka badala, kwa sababu mbili.

Kwanza, mbinu hii haikuachi njiani. Mlinganyo mmoja ukiwa na kipeo cha pili, matriksi hazikusaidii tena, lakini kuweka badala bado kunafanya kazi. Pili, inakulazimisha kuielewa sentensi ya swali kabla ya kugusa hesabu. Alama nyingi hupotea hapo, kabla hata ya kujumlisha chochote.

Kumbuka jinsi mtihani wa Hisabati wa KCSE ulivyopangwa. Kuna karatasi mbili, 121/1 na 121/2, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50 kwa jumla. Sehemu ya pili ina maswali 8, nawe unajibu 5, kila moja alama 10. Watahini hutoa alama za njia na alama za jibu. Anayeonyesha mstari ambapo ameweka badala anaweza kupata alama ya njia hata akikosea kutoa mwishoni. Anayeandika jibu tupu lililo na kosa hapati kitu.

Mifano mingi ya sura hii imetolewa Olympic, Kibera, kwa sababu hesabu hizi hufanywa pale kila siku bila herufi: kwenye kibanda cha chai, kwenye kioski cha maji, ndani ya matatu. Bei zote ni za mfano tu.

WAZO LENYEWE

Tuseme umeambiwa kwamba chapati mbili na kikombe kimoja cha chai ni shilingi 70. Je, chapati ni pesa ngapi? Huwezi kujua. Inaweza kuwa 10 na chai 50. Inaweza kuwa 25 na chai 20. Majibu yanayofaa ni mengi.

Hata hivyo, kuna jambo unalolijua tayari. Ukitaja bei yoyote ya chapati, bei ya chai inapatikana papo hapo: ni 70 ukitoa chapati mbili. Chai haijitegemei tena, imefungwa kwa chapati. Ukipata habari ya pili juu ya vitu hivyohivyo, unaweza kuondoa neno "chai" na kuweka mahali pake "70 ukitoa chapati mbili". Sentensi inabaki na kitu kimoja kisichojulikana, na kitu kimoja unajua kukitafuta.

Fikiria mchezaji wa akiba. Anayetoka haonekani tena uwanjani, na anayeingia anasimama mahali pake na kufanya kazi yake yote. Idadi ya wachezaji haibadiliki. Vivyo hivyo, ukiweka badala, thamani ya mlinganyo haibadiliki, kwa kuwa kilichotoka na kilichoingia ni sawa.

HATUA TANO

1. Andika kwa maneno kila herufi inasimamia nini, pamoja na kipimo chake.
2. Geuza kila sentensi iwe mlinganyo. Ipe milinganyo nambari, (1) na (2).
3. Chagua mlinganyo ulio rahisi zaidi, kisha uache herufi moja peke yake upande mmoja.
4. Chukua maelezo ya herufi hiyo, yatie ndani ya mabano, na uyaweke katika mlinganyo ule mwingine. Tatua.
5. Rudi utafute herufi ya pili. Kisha jaribu majibu yote mawili kwa kutumia maneno ya swali.

MFANO WA 1: KIBANDA CHA CHAI

Chapati mbili na chai moja ni shilingi 70. Chapati tatu na chai mbili ni shilingi 120. Tafuta bei ya kila kimoja.

Bei ya chapati moja iwe shilingi x, na bei ya chai moja iwe shilingi y.

2x + y = 70 … (1)
3x + 2y = 120 … (2)

Katika (1), y haina nambari mbele yake, kwa hivyo ni rahisi kuiacha peke yake:

y = 70 − 2x

Weka badala ya y katika (2):

3x + 2(70 − 2x) = 120
3x + 140 − 4x = 120
−x = −20
x = 20

Rudi: y = 70 − 2(20) = 30.

Kujaribu: chapati tatu ni 60, chai mbili ni 60, jumla 120. Ni sawa. Chapati ni shilingi 20 na chai ni shilingi 30.

Tanbihi ya kwanza: mabano. Mwanafunzi anayesahau mabano huandika 3x + 2 × 70 − 2x = 120, na kupata x = −20. Isome hiyo kwa maneno: ukila chapati moja, mwenye kibanda anakulipa wewe shilingi 20. Jibu la aina hiyo linakuambia lenyewe urudi nyuma ukatafute kosa.

Tanbihi ya pili: mlinganyo mwingine. Ukirudisha y = 70 − 2x katika (1), ulikotoka, utapata 2x + 70 − 2x = 70, yaani 70 = 70. Ni kweli, lakini haikufai. Umeiambia sentensi jambo ambalo ndiyo iliyokuambia. Habari mpya imo katika sentensi ya pili.

MFANO WA 2: KIOSKI CHA MAJI

Mwuzaji ana tangi la lita 1,000. Ameuza maji yote kwa kujaza mitungi 60, mingine ya lita 20 na mingine ya lita 10. Je, alijaza mitungi mingapi ya kila aina?

Mitungi ya lita 20 iwe x, na ya lita 10 iwe y.

x + y = 60 … (1)
20x + 10y = 1,000 … (2)

Kutoka (1): y = 60 − x. Weka katika (2):

20x + 10(60 − x) = 1,000
20x + 600 − 10x = 1,000
10x = 400
x = 40, na y = 20

Kujaribu: mitungi 40 ya lita 20 ni lita 800. Mitungi 20 ya lita 10 ni lita 200. Jumla ni lita 1,000.

Sasa itazame tena 60 − x. Kwa Kiswahili tungesema "sitini kasoro x". Umelitumia neno hilo tangu utotoni ulipojifunza saa. Anayesema "saa tatu kasoro dakika kumi" hataji saa mpya. Anaitaja kwa kutumia ile unayoijua. Kuweka badala ni kusema hivyo katika hesabu.

Njia hii ni ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 9, al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupatia neno "aljebra". Hakutumia x wala y. Aliandika kila kitu kwa maneno, kwa ajili ya watu waliokuwa wakigawanya urithi na kufanya biashara. Maswali yake kadhaa huanza kwa kugawanya kumi katika sehemu mbili. Sehemu moja huiita "kitu", na ya pili "kumi kasoro kitu". Hakuhitaji jina la pili, maana sehemu ya pili alikwisha kuieleza kwa ya kwanza. Ukiandika 60 − x, unafanya alichofanya yeye.

MFANO WA 3: HESABU YA MAKANGA

Matatu ya viti 33 imetoka mjini hadi Olympic ikiwa imejaa. Mtu mzima analipa shilingi 50 na mtoto shilingi 30. Makanga amekusanya shilingi 1,490. Je, watu wazima walikuwa wangapi?

Watu wazima wawe x, na watoto y.

x + y = 33 … (1)
50x + 30y = 1,490 … (2)

Kutoka (1): y = 33 − x. Basi:

50x + 30(33 − x) = 1,490
50x + 990 − 30x = 1,490
20x = 500
x = 25, na y = 8

Kujaribu: 25 × 50 ni 1,250, na 8 × 30 ni 240. Jumla ni 1,490.

Hebu tubadilishe jambo moja. Makanga anamwambia mwenye gari kwamba abiria ni walewale 33 na nauli ni zilezile, lakini pesa ni 1,500. Sasa 20x = 510, na x = 25.5. Hakuna abiria nusu. Hesabu yako haina kosa. Habari uliyopewa ndiyo isiyoweza kuwa kweli. Ama abiria hawakuwa 33, ama kuna aliyelipa nauli tofauti, ama pesa zimehesabiwa vibaya. Milinganyo haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo, na haimtaji mwenye kosa. Inachokuambia ni kwamba mambo hayo hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja.

Katika mtihani, ukipata nusu mtu au nusu kiti, usilazimishe jibu kwa kukadiria. Rudi ukague hesabu yako kwanza, kisha uisome sentensi upya.

HERUFI ZIKIPOTEA ZOTE

Wakati mwingine ukiweka badala, x na y zote hutoweka. Usishtuke. Soma kilichobaki.

Mteja wa kwanza wa mama mboga amenunua mafungu mawili ya nyanya na fungu moja la vitunguu kwa shilingi 50. Wa pili amenunua mafungu manne ya nyanya na mawili ya vitunguu kwa shilingi 100. Fungu la nyanya liwe shilingi x na la vitunguu shilingi y:

2x + y = 50 … (1)
4x + 2y = 100 … (2)

y = 50 − 2x, kwa hivyo 4x + 2(50 − 2x) = 100, yaani 100 = 100.

Kauli hii ni kweli daima. Maana yake ni kwamba mteja wa pili hakutuambia kitu kipya. Alinunua mara mbili ya alivyonunua wa kwanza na kulipa mara mbili. Majibu yanayofaa hayana idadi, na bei huwezi kuipata. Kuwa na sentensi mbili si sawa na kuwa na habari mbili.

Sasa tuseme mteja wa pili alilipa 110. Tunapata 100 = 110, ambayo si kweli kamwe. Hakuna x wala y inayofaa. Kwa maneno: wateja hawa wawili hawakuuziwa kwa bei moja. Kwa bei ya mteja wa kwanza, wa pili alipaswa kulipa 100. Ametozwa shilingi 10 zaidi. Kwenye grafu, mistari hii miwili huenda sambamba bila kukutana, ilhali katika hali ya 100 = 100 mistari hulaliana ikawa mmoja.

MFANO WA 4: SAIBA IPI?

Unataka kuchapisha karatasi za marudio. Saiba ya kwanza inatoza shilingi 5 kwa kila ukurasa. Ya pili inatoza shilingi 60 za mwanzo, kisha shilingi 3 kwa kila ukurasa. Je, utaenda wapi?

Kurasa ziwe x na gharama iwe shilingi y.

y = 5x … (1)
y = 60 + 3x … (2)

Hapa y imekwisha kuachwa peke yake. Weka 5x badala ya y katika (2):

5x = 60 + 3x
2x = 60
x = 30, na y = 150

Kwa kurasa 30 gharama ni sawa, shilingi 150. Kwa kurasa 20, ya kwanza ni shilingi 100 na ya pili ni 120. Kwa kurasa 50, ya kwanza ni 250 na ya pili ni 210. Kwa hivyo chini ya kurasa 30 nenda ya kwanza; zaidi ya 30 nenda ya pili. Swali likiuliza "ipi ni nafuu?", jibu la x = 30 peke yake halijakamilika.

Utaikuta kazi hii tena kidato cha nne, pale unapochora mistari kwenye grafu na kutafuta faida kubwa zaidi. Pembe ya eneo ulilochora ni mahali mistari miwili inapokutana. Jicho likishindwa kusoma pembe hiyo vizuri kwenye grafu, weka badala upate thamani kamili.

MFANO WA 5: MLINGANYO MMOJA UKIWA NA KIPEO CHA PILI

Chumba cha mabati kina umbo la mstatili. Ukijumlisha urefu wa kuta zote nne unapata mita 14. Eneo la sakafu ni mita za mraba 12. Tafuta vipimo vyake.

Urefu uwe mita x, na upana mita y. Kuta nne ni 2x + 2y = 14. Tukigawanya kwa 2:

x + y = 7 … (1)
xy = 12 … (2)

Hapa huwezi kuondoa herufi kwa kutoa mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine, wala kutumia matriksi. Anza na mlinganyo wa mstari: x = 7 − y. Weka katika (2):

(7 − y)y = 12
7y − y² = 12
y² − 7y + 12 = 0
(y − 3)(y − 4) = 0
y = 3 au y = 4

Ikiwa y = 3, x = 4. Ikiwa y = 4, x = 3. Ni chumba kilekile. Tofauti ni upande upi umeuita urefu. Chumba ni mita 4 kwa mita 3. Maswali ya aina hii, ya jumla ya pande mbili na eneo, yamo katika vigae vya udongo vya Babeli vya karibu miaka 3,800 iliyopita.

Zingatia: acha peke yake herufi ya mlinganyo wa mstari, si ya ule wenye kipeo cha pili. Na ukipata thamani mbili, kila moja iandike na mwenzake.

MAKOSA YANAYOWAPOTEZEA WATAHINIWA ALAMA

1. Kusema "x ni chapati". Chapati huliwa, x ni nambari. Andika "bei ya chapati moja ni shilingi x" au "idadi ya chapati ni x". Hayo ni mambo mawili tofauti.

2. Kugeuza "mara". "Watu wazima ni mara tatu ya watoto" wengi huandika 3x = y, x ikiwa watu wazima. Jaribu kwa nambari: watoto wakiwa 5, watu wazima ni 15. Basi x = 3y.

3. Kutoa mabano yenye ishara ya kutoa ndani. 3x − (70 − 2x) ni 3x − 70 + 2x, wala si 3x − 70 − 2x.

4. Kuchanganya vipimo. Pesa zote ziwe shilingi, au zote ziwe senti. Maji yote yawe lita.

5. Kujaribu jibu mahali pasipofaa. Katika Mfano wa 1, y ilitokana na (1). Kwa hivyo (1) itakubali x yoyote, hata yenye kosa. Ni (2) itakayokuumbua. Jaribu katika yote miwili.

6. Kuishia njiani. Swali limeuliza bei za vitu viwili, wewe umeandika x = 20 ukaendelea na swali jingine.

MASWALI YA MARUDIO

1. Tatua: x + 2y = 16 na 3x − y = 13. (alama 3)

2. Daftari moja ni ghali kuliko kalamu moja kwa shilingi 30. Daftari tatu na kalamu mbili ni shilingi 190. Tafuta bei ya kila kimoja. (alama 3)

3. Mwenye duka ana noti 24, za shilingi 100 na za shilingi 50. Jumla ni shilingi 1,850. Ana noti ngapi za kila aina? (alama 3)

4. Boda boda wa kwanza anatoza shilingi 40 za mwanzo na shilingi 20 kwa kila kilomita. Wa pili anatoza shilingi 30 kwa kila kilomita. Ni kwa safari zipi wa kwanza ni nafuu? (alama 4)

5. Matatu ya Kawangware yenye viti 14 imejaa. Mtu mzima analipa shilingi 60 na mtoto 40. Makanga anasema amepata shilingi 730. Onyesha kwamba habari hii haiwezi kuwa kweli. (alama 3)

6. Je, milinganyo 3x + y = 45 na 6x + 2y = 95 ina jibu? Eleza. (alama 2)

7. Tatua: x − y = 2 na x² + y² = 34. (alama 4)

MAJIBU

1. x = 16 − 2y; 3(16 − 2y) − y = 13; 7y = 35. y = 5, x = 6.

2. Kalamu k, daftari k + 30; 3(k + 30) + 2k = 190; 5k = 100. Kalamu shilingi 20, daftari shilingi 50.

3. 100x + 50(24 − x) = 1,850; 50x = 650. Noti 13 za shilingi 100 na noti 11 za shilingi 50.

4. 30x = 40 + 20x; x = 4. Kwa kilomita 4 nauli ni sawa, shilingi 120. Wa kwanza ni nafuu kwa safari zinazozidi kilomita 4.

5. 60x + 40(14 − x) = 730; 20x = 170; x = 8.5. Idadi ya watu haiwezi kuwa na nusu.

6. y = 45 − 3x; 6x + 2(45 − 3x) = 95 inatoa 90 = 95. Haina jibu, mistari ni sambamba.

7. x = y + 2; (y + 2)² + y² = 34; y² + 2y − 15 = 0; (y + 5)(y − 3) = 0. Ikiwa y = 3, x = 5. Ikiwa y = −5, x = −3. Hapa majibu yote mawili yanakubalika, kwa kuwa swali halikuzungumzia bei, watu wala kuta.